Najua Ni Spika, Lakini Maji Naweka

Anti Rukaiya, kama wewe ni mkubwa wangu shikamoo, na kama ni mdogo basi marahaba, maana sauti ya redioni haionyeshi mvi. Naitwa Felomena, mjane wa miaka hamsini na saba, nakaa Nachingwea jirani na parokia, na nakuandikia wewe kwa sababu padre ataniambia nisali, na kusali nimeshasali.

Marehemu mume wangu Saturnini alikuwa na gari lake, Landrova kuukuu, alibebea watu korosho kutoka Chunyu na Mbwemkuru, na miaka thelathini na moja niliyoishi naye sikuhitaji kupigiwa simu, maana likifika kilima cha parokia lazima abadilishe gia, hapo linakohoa mara mbili halafu linaunguruma, basi najua nina muda wa kuepua sufuria na kumwekea maji ya moto bafuni kabla hajazima injini, kama mama mkwe alivyonifundisha nilipoolewa, na taulo lake mlangoni, na ndala zake. Kila nikisikia ule mlio nilifurahi, Anti, sikudanganyi, hata siku tuliyogombana asubuhi. Alipougua alipelekwa hospitali kwa gari la watu, akarudi ndani ya jeneza, na Landrova ndugu zake wakaiuza chuma chakavu hata arobaini haijafika, ikabebwa juu ya lori, mimi niko ndani na wafiwa wenzangu, nilikuja kuambiwa baadaye. Mwaka wa nne huu.

Mwanangu Octavian anafanya biashara ya ufuta Ruangwa, na mwaka huu kanunua gari la spoti, jekundu, liko chini kama linatafuta kitu lilichoangusha, na akanieleza kwamba magari haya ya siku hizi injini zake ni kimya mno, kwa hiyo kiwandani wanaweka mlio wa kutengeneza unaotoka kwenye spika, ili dereva ajisikie anaendesha dubwana. Nikamwambia, "Yaani gari linamdanganya mwenye gari?" Akacheka sana. Kumbe maneno yangu yalimwingia, maana kwenye simu yake alikuwa na video ya baba yake akipandisha kile kilima, akampelekea fundi umeme wa magari Dar, fundi akautoa mlio wa kiwandani akaweka ule wa Landrova, akaongeza na spika chini ya gari ili na sisi tulio nje tusikie. Mimi hakuniambia.

Siku aliyokuja nalo nilikuwa na mgeni. Ni Mwalimu Agapiti, mstaafu, mgane, mtu wa Sumbawanga aliyeletwa huku na serikali akiwa kijana akabaki, tunaimba naye kwaya, na tangu Pasaka ananiomba tufunge ndoa. Octavian nilishamtaarifu, na mwezi huohuo ndio akalipeleka gari kwa fundi. Basi Mwalimu kakaa kibarazani na chai yake, akaniambia, "Mama Octavian, sisi si vijana wa kuzungushana. Niambie tu." Na moyo wangu ulishasema ndiyo, mdomo ndio unafunguka, mara kule kilimani likakohoa mara mbili.

Sijui nikuambie nini, Anti. Nilinyanyuka nikamwacha mtu na kikombe chake, nikachota maji, nikaweka bafuni, nikatoa taulo la marehemu sandukuni, nikakimbia hadi getini na ndala mkononi, nakuta gari jekundu na mwanangu anashuka anatabasamu.

"Mama, umemwekea nani maji?"

"Baba yako."

Tukalia wote wawili pale getini, majirani wanatutazama. Niliporudi kibarazani Mwalimu alishaosha kikombe chake, kakifunika kwenye kichanja, kapanda baiskeli yake kaondoka.

Octavian aliniuliza akiondoe hicho kifaa, nikamwambia thubutu! Anakuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi naweka maji, najua ni spika, naweka, mwanangu anayaoga. Namtamani mume wangu, Anti, mpaka mifupa inauma. Sasa Mwalimu ametuma neno kwamba Jumamosi hii jioni anakuja mara ya mwisho, nikinyamaza anarudi kwa wanawe Sumbawanga. Niuzime ule mlio, au nimwache Mwalimu aende zake? Mimi nimeshindwa.

Felomena, Nachingwea

*

Mama Felomena, shikamoo. Mdogo ni mimi, ila kwa leo nivumilie, nitakusema kama mkubwa.

Kwanza pole, pole sana. Kumtamani marehemu si dhambi wala si wazimu. Mikono iliyozoea kumwekea mtu maji miaka thelathini na moja haijui kwamba amekufa. Majirani wanaokutazama waambie wakafue nguo zao.

Sasa nikuseme. Mwalimu wa watu kaja na heshima zake, wewe unamtolea taulo la mwenzake mbele ya macho yake! Na mpaka leo hujamfuata kumweleza, unaandikia redio. Lo! Mwanamume aliyeumizwa moyo akaosha kikombe kabla ya kuondoka, mama yangu, hao hawauzwi gulioni.

Na kuna jambo umeliandika haraka haraka ukapita, mimi nimesimama hapo. Mwezi uliomwambia mwanao habari za ndoa ndio mwezi aliokwenda kwa fundi. Sisemi ana roho mbaya. Naye kafiwa, kasikia mama anaolewa, akamrudisha baba kwa namna aliyoiweza. Lakini Octavian, kama unasikiliza, mama yako si mlinzi wa geti la baba yako. Mpende, umwachie.

Mlio usiuzime kwa ghafla, Mama. Utakuja kumlaumu Mwalimu kwa huo ukimya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na gari la Saturnini mle ndani linakuja tu, linakuja tu. Kuondoka kwake hukukusikia, lilitoka juu ya lori wewe uko ndani. Basi Jumamosi hii Octavian aje asubuhi. Gari likikohoa kilimani kaa palepale ulipo, usichote maji, hata mikono ikiwasha. Akifika mpe lile taulo na zile ndala, ni vya baba yake, ni vyake sasa. Kisha ageuze gari, aondoke nalo taratibu kurudi Ruangwa, na wewe usimame getini usikilize mpaka usisikie kitu. Lia ukitaka. Muage mumeo kwa jina lake, kwa lugha mliyokuwa mnaongea chumbani. Ile video ibaki kwenye simu ya mwanao, siku za kumbukumbu mtaisikiliza pamoja. Gari lake alirudishie mlio wa kiwandani, ule hauna mjane.

Jioni bandika maji ya chai, ya vikombe viwili. Kaa kibarazani, uso uelekee barabarani, na huyo mtu ukimwona mjibu hata kabla hajakaa. Anakuja kwa baiskeli, Mama Felomena, na baiskeli haikohoi kilimani. Huyu itabidi umtazame.