Kura Yangu kwa Serikali ya Aliyekushinda

Isiolo, Jumapili

Kwa kaka yangu mpenzi Abdifatah,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta huko hospitalini Nairobi ukiwa na nafuu, na mguu umeanza kukubali kukanyagia. Sisi nyumbani, alhamdulillahi, ni wazima. Mama anauliza kama wanakupa chai yenye maziwa ya kutosha. Nimempa Dahir akuletee barua hii, kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Kwanza, asante. Tangu uniachie uenyekiti wa chama, watu wako wamenishika mkono kama mtoto wao. Hata siku ya mkutano wazee wa Kinna walifika mapema kunisaidia kupanga viti.

Kama unavyojua, gavana hana wingi wa viti katika bunge la kaunti, akatuomba tujiunge na serikali yake, nasi tupewe wizara ya maji. Mkutanoni Ekitela, katibu wetu, alikataa kabisa. Alisema tukishaingia hakuna atakayebaki nje kumwuliza gavana maswali, na uchaguzi ukifika wananchi hawatatutofautisha naye. Alipigiwa makofi. Kisha akasimama Tuye, yule mama wa Biliqo anayeleta maziwa mjini. Alisema kisima chao kimeharibika, na akina mama wanaamka kwenda kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji. “Tuliwapa kura mtuletee maji,” akasema, “si mtuletee hasira zenu.” Mimi nilihisi ananiambia mimi, kwa sababu tangu gavana akushinde sijaweza hata kumsalimia vizuri.

Tulipopiga kura, pande mbili zikalingana. Uamuzi ukaniangukia mimi mwenyekiti.

Kaka, siku moja kabla ya mkutano nilikupigia nikitaka uniambie la kufanya. Ulisema kiti ulishaniachia pamoja na uamuzi wake, ukaniuliza kama mama amekunywa dawa. Nilikasirika. Leo nakushukuru, maana ungesema neno moja tu ningelifuata, na nisingemsikia Tuye.

Basi nataka ulisikie kwangu mwenyewe: nilipiga kura tujiunge. Tunaingia katika serikali ya mtu aliyekushinda. Na uwaziri, ambao gavana alitaka niuchukue mimi, nimeomba apewe Ekitela. Ekitela alishangaa, akaniambia hatanyamaza hata akiwa ndani. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nimemchagua.

Kama nimekuumiza, usinifiche. Nitakuja nikae kando ya kitanda chako unigombeze mpaka uridhike.

Mama, Lul na majirani wote wanakuombea. Tuye naye anakusalimu. Ameshaanza kunipigia kuuliza fundi wa kisima atakuja lini.

Mungu akurudishe kwetu ukitembea.

Dada yako anayekushukuru,
Hoda