Alama ya Hina Barazani

Alhamisi. Mwezi wa tatu, na joto la mtaa wetu wa Kibokoni limekaa juu ya mapaa kama sufuria iliyofunikwa. Upepo hakuna. Hasira ninayo.

Leo nimefukuzwa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe. Nami nikaondoka. Hilo la kuondoka ndilo linaloniuma, kwa hivyo naliandika kwanza.

Mnaonisoma mwaijua kazi yangu: miaka ishirini na sita napaka maharusi hina na piko nyeusi. Mwajua pia kwamba sina utulivu tangu Mama Mwende, mpangaji wangu wa chini, karani wa bandarini, aniletee kitabu kikuukuu cha picha kutoka kwa wauza mitumba wa Makadara. Ni cha wachoraji wa Italia wa zama za Renesansi, yaani kuzaliwa upya. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, basi yeye hunisomea jioni nami nikikata vitunguu. Picha nyingi ni za makanisani. Walio uchi nimewabandika karatasi. Mama Mwende alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini jinsi walivyochora! Kabla yao, chasema kitabu, watu wa kwenye picha walikuwa bapa kama waliokatwa kwa mkasi. Hawa wakawapa uzito. Mwanamke wao akikaa, wajua godoro limebonyea. Nguo yakunjika gotini vile leso yangu inavyokunjika. Nuru yatoka upande mmoja, na kivuli kinaingia polepole, bila mstari, kama moshi wa udi uingiavyo chumbani. Na sakafu, kuta, dari, mistari yote yakimbilia nukta moja kule mbali, pale jicho la mchoraji linapotazama.

Nilipolielewa hilo nilitoka nikakitazama kichochoro chetu, ninachokipita tangu niolewe. Wallahi mistari ile ipo! Kuta, roshani, mtaro wa maji, vyote vyaukimbilia mlango wa nakshi wa nyumba ya mwisho.

Miaka yote hiyo sikuiona.

Nyumba hiyo imeuzwa. Jumamosi mlango wang'olewa, uwekwe wa chuma. Nataka kuuchora ungali mahali pake. Ni hilo tu nitakalo.

Mara ya kwanza nilichora ndani, kwa kumbukumbu, nikaharibu jinsi mtu wa hina tu awezavyo kuharibu. Mkono wangu umezoea kujaza: ua la kiganjani na ua la karibu na kiwiko yana haki sawa, na pengo ni aibu. Basi mlango ule wa mbali nikaupa kila ua na kila mnyororo wa nakshi yake, ukaja mbele ukatukaa puani. Mama Mwende akauliza, "Bi Zuhura, huu mlango unakuja kutusalimia?" Ndipo nikajua kwamba cha mbali hakitaki kila ninachokijua. Kiwe kidogo, kififie, na mkono ukubali kuacha.

Njia ya wachoraji wale si ngumu. Wapigilia msumari kwenye ubao pale penye nukta, kisha wavuta uzi kutoka msumarini kila upande. Mimi natumia uzi wa kushonea kofia. Ila jicho lazima lirudi palepale kila siku. Na kichochoro kizima chaonekana kutoka mahali pamoja tu: barazani kwetu, pembe ya kushoto, saa nne asubuhi jua linapoingia.

Saa nne baraza ni ya wanaume. Kahawa, tende na siasa. Mimi huifagia kabla hawajaja.

Leo nilivaa buibui langu, nikasema bismillahi, nikatoka na ubao. Nikatia tone zito la hina pale nitakapokaa, ili kesho nisipapoteze. Mmoja wao akasema, "Yakhe, jitengenezeni, leo twapigwa picha!" Wakacheka, wakanipisha. Nikachora kama nusu saa. Kisha akaja Athmani, ndugu wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, kwani huko ndani kumejaa?"

"Ndani hakuna kichochoro, shemeji."

"Watu wapita! Mjane wa ndugu yangu akaa na wanaume achora makanisa?"

Yule wa mzaha akakitazama kikombe chake. Nikazikusanya nyuzi zangu, nikaingia.

Makanisa! Habari za kitabu amezisikia, mchoro wangu hakuutazama. Sikuchora hata kiumbe kimoja chenye roho. Paka wa jirani alijilaza kwenye ngazi muda wote kama anayejua ni mzuri, nikamwacha. Nakiri, kivuli chake nimekichora. Mungu anisamehe kama nacho ni kosa.

Nililia kidogo jikoni. Nikaswali adhuhuri, nikabaki kwenye mswala kumuuliza Mola wangu kama nimemkosea. Sikusikia lawama. Nilisikia aibu tu, na aibu ile ilikuwa na sauti ya Athmani.

Mikono ya wanawake wa mtaa huu nimeishika yote. Bibi harusi hutulia mbele yangu saa nzima, namtazama kila mstari wa kiganja, na watu hunishukuru. Vipi kutazama kuwe halali kiganjani na haramu kichochoroni?

Mama Mwende ataka kuchelewa kazini kesho aje akae nami. Nimemkatalia. Stara yangu nitaibeba mwenyewe.

Baada ya alasiri nilichungulia dirishani. Athmani yuko barazani, kanzu kaikunja mpaka magotini, apiga brashi na sabuni ile alama yangu. Jasho lamtoka. Nikamwita kutoka juu, kwa adabu zote.

"Shemeji, wajichosha. Hina hiyo."

Akamwaga maji, akaenda zake. Nikashuka kutazama: jiwe limetakata pande zote, na katikati doa langu, rangi ya chungwa.

Asiyejua hina hudhani hiyo ndiyo rangi yake. Hina hukolea ikilala. Kesho Ijumaa, saa nne, itakuwa nyekundu kama damu ya mzee, nami nitakuwa nimeikalia.