Picha za Chini ya Maji, Ujiji

Dada Rehema, shikamoo.

Maji ya ziwa hapa ni maangavu mpaka mawe ya chini yanaonekana. Niliifunga simu ndani ya kimfuko cha plastiki kisichopitisha maji, nikazama kuwapiga picha samaki wa rangi. Niliwafuata hadi nikaibukia katikati ya akina mama wanaooga.

"Unatupiga picha?" mmoja akauliza, akijifunika kanga.

Nikamkabidhi simu. Akaona samaki, kisha miguu yake mwenyewe.

"Futa."

Kwa aibu nikafuta zote. Akanitazama, akasema taratibu, "Za samaki ungeziacha, baba."

Hata leo nashindwa kupita ufuo ule. Nakuombea afya, dada. Wakumbatie wanangu, ila kisa hiki usimsimulie Mama.

Mdogo wako,
Hamisi