Licence Yangu Si ya Kuendesha Gari

Butembo, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni, na mimi nina hasira.

Chuo cha Uganda nilikoomba kusomea shahada ya uzamili kimenijibu. Wanasema wameona leseni yangu, sasa nitume shahada.

Leseni!

Nilisoma kilimo miaka mitano hapa Butembo: mitatu ya graduat, ngazi ya kwanza, kisha miwili ya licence. Mazoezi nilifanyia kwenye kakao za Mulekera, kule Beni, wakati hata wenye mashamba waliogopa kwenda kwa sababu ya waasi. Kwetu licence ndiyo hiyo, shahada. Ya kuendesha gari tunaiita permis, na mimi sina.

Nikaenda mtaa wa Kimemi kwa Kakule, aliyenitafsiria makaratasi. Kumbe kompyuta yake inajua Kiingereza cha Marekani tu. Iliichorea c yangu mstari mwekundu, naye akatii, akaweka s. License. Wala hakuona haya.

“Andika tu Bachelor, ma sœur. Mambo inaisha.”

“Bachelor ni myaka ngapi?”

“Kwabo? Tatu.”

“Na ile mbili yangu utaipeleka wapi?”

Akacheka. Mimi sikucheka.

Waganda wanafuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo c ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini ukweli usemwe: hata Mwingereza akiandika licence kwa c, mara nyingi anafikiria gari. Herufi peke yake isingeniokoa.

Mama nilipompigia simu kumweleza, ndiye aliyenimaliza kabisa: “Donc balifikiri uko chauffeur?”

Naogopa, sitaficha. Mwisho wa kutuma ni leo, na nafasi hii nimeililia. Bachelor lingekuwa neno jepesi, wangelielewa mara moja. Ila ile miwili niliisoma kwa jasho, sitaitupa ili mtu wa ofisini asisumbuke kuuliza.

Nikamwambia Kakule arudishe c. Chini yake nikamwandikisha kwa Kiingereza chepesi kwamba hii ni shahada ya chuo kikuu, masomo ya miaka mitano. Mstari mwekundu ukatokea tena. Akanitazama.

“Uiache,” nikamwambia.

Imekwenda hivyo hivyo.

Wakitaka kunikataa, wanikatae. Lakini safari hii watakuwa wamemkataa mwenye licence, si dereva.