Foromali za Jorkan

Kisiwa cha Ailuk,
Visiwa vya Marshall.
14 Machi 2016

Mpendwa dada yangu Neimat,

Yokwe! Hujambo huko Arkansas? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi imepungua? Sisi tu wazima kwa rehema za Bwana, ila goti langu ndilo linalonilalamikia.

Uliniuliza habari za Mama. Tangu bahari imchukue ndugu yetu Jorkan mwaka jana, alikataa ibada ya maziko, na chakula akawa anakionja tu. "Utamzikaje mtu asiyekufa?" ndiyo kauli yake. Alibaki mifupa. Nami kila siku namsihi akubali, apate kupumzika.

Basi, nilikuwa natengeneza ngalawa ndogo ya mashindano, zile za kuchezea zisizopandwa na mtu. Unajua foromali, ile miti miwili inayoshika tanga, dume ya juu na jike ya chini, lazima zitoke mti mmoja, la sivyo zinagombana na tanga linakunjamana. Ukame umeharibu miti yetu. Kila tawi nililopinda lilivunjika. Mama akaniletea kile kipande cha ngalawa ya Jorkan kilichotupwa na maji mwambani. "Chonga hiki." Nilijua haifai. Mti wa aliyepotea hauchongwi kabla hajaliliwa. Lakini ni Mama. Nikachonga zote mbili, na mlingoti pia. Ule mti haukukataa kisu hata mara moja.

Jumamosi tukaziachia ngalawa zetu majini. Nyingine zote zikakimbilia ufuo waliposimama watu. Yangu ikageuza pua, ikashika njia ya mlango wa mwamba, pale Jorkan alipoonekana mara ya mwisho. Binamu Ketwan akapaza sauti, "Wee Wisse! Umechonga ngalawa au umechonga mtoro? Iite basi, labda inajua jina lake!" Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Jana tukitoka kanisani tukaikuta mbele ya nyumba, imetulia mchangani. Dada, ngalawa hizi haziwezi kurudi zenyewe. Lazima mkono wa mtu uinue mguu wa tanga, ile pembe yake ya chini, uuhamishe ncha hii ya chombo hadi ncha ile, uufunge. Ulikuwa umehamishwa. Na fundo lilikuwa la mkono wa kushoto. Nimewauliza wanaume wote, hakuna aliyetoka na chombo. Hata Ketwan alilitazama, akavua kofia, akaenda zake. Hapa kwetu mwenye mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Mama aliipapasa ile kamba, akatabasamu. "Haya, amekuja kuaga. Mwambie mchungaji agonge kengele."

Ibada ni Jumamosi. Mungu ninamwamini, wala sitafuti mengine. Lakini mimi niliyemsihi Mama mwaka mzima, sasa mimi ndiye ninayeogopa. Niombee nipate sauti ya kusoma Zaburi.

Msalimie shangazi Litoria, na Bilimon mdogo. Mama anakusalimu sana. Leo amekula shelisheli nzima, akaomba nyingine. Mimi ndiye ambaye chakula hakipiti kooni.

Bwana awafunike kwa mkono wake.

Kaka yako asiyekusahau,
Wisse