Salamu za Dubai kutoka Dunga

Dada Akinyi,

Usidanganyike na hiyo picha ya Dubai niliyokutumia. Niko Dunga, hapa hapa Kisumu. Korona ilifunga safari za ndege siku ileile mliyoniombea na kunichinjia jogoo. Sasa ningerudije Kombewa na jogoo wenu tumboni? Nikajificha huku na barakoa yangu.

Jana nikaivua nile samaki. Nilipofyonza kichwa kwa ile kelele yangu, mwanamke aliyekuwa akinunua samaki aina ya mbuta akageuka. Kumbe ni Mama! Akanawa mikono, akaketi, akamega ugali wangu bila haraka.

"Mgeni," akasema, "ukipita Dubai mwambie mwanangu karantini imeisha. Shamba limejaa magugu."

Nakuja kesho, dada yangu. Tafadhali mpokeeni msafiri kwa jogoo mwingine.

Ndugu yako wa ng'ambo,
Ouma