Mifuko Sita, Shimo Moja

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumamosi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu, Daktari wa Udongo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kifua kimepoa? Unakula, au bado unashindia chai tupu kwa kisingizio cha kazi za maabara? Sisi huku ni wazima wa mwili. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi tu, na yeye anasema ngazi ndizo mbovu.

Lakini nyumbani hakukaliki. Mahindi ya bondeni yamedumaa. Yalifika magotini yakagoma, na majani machanga yana michirizi myeupe pande zote mbili za uti wa jani. Shamba la juu limenawiri vizuri. Sasa huko juu tulipanda mbegu tulizojiwekea mwaka jana, na bondeni tukapanda za kutoka dukani kwa Mjomba. Kaka Mkubwa unamjua, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Wiki ya tatu hii anamwita Mjomba tapeli, tena sokoni, mbele ya wateja wake. Mama kabanwa katikati, huku kaka yake wa tumbo moja, huku mwanawe wa kwanza, na chakula hakipiti. Kesho baada ya chakula cha mchana kuna kikao hapa sebuleni. Kaka Mkubwa ameapa kwamba kikiisha anakwenda polisi. Mjomba akipelekwa polisi kwa kuuza mbegu feki, duka lake limekwisha, hata wakimwachia siku hiyo hiyo.

Alhamisi alikuja bwana shamba. Alichuma jani moja, akaligeuza geuza juani, akasema hiyo ni njaa ya zinki, mbegu haina kosa. "Zinki inaweza kuwemo tele humu ardhini," alisema, "lakini chokaa ikizidi, udongo unaing'ang'ania, mizizi haipati kitu." Mmea unahitaji chembe chache tu za hiyo zinki, lakini ukizikosa haukui. Mimi nikaanza kupumua. Kaka Mkubwa akaingia ndani, akatoka na ile karatasi ya vipimo uliyotutumia. Bwana shamba akaisoma mara mbili, akakuna kichwa. Karatasi inasema udongo wa bondeni ni mchachu sawasawa na wa juu, na chokaa tuliyoweka kupunguza uchachu huo ni ile uliyotupimia wewe, basi. "Kama vipimo ndivyo hivi, chokaa haijazidi. Labda mwangalie mbegu." Kisha akauliza nani alichukua udongo. Mama akaninyooshea kidole kwa fahari, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mdogo wangu, kaa chini kwanza. Uliniagiza nichimbe mahali sita, patatu juu na patatu bondeni. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, bonde lote tope, na gari la mizigo lilikuwa linaondoka saa nne. Nilichimba shimo moja huku juu, karibu na lango. Nikajaza mifuko yote sita, nikaiandika moja hadi sita kwa mwandiko wangu ule mzuri wa kudanganyia walimu. Ukaniandikia kwa furaha kwamba shamba zima limelingana. Nilicheka, maana kwangu udongo ulikuwa udongo tu.

Jana nilibeba siki ya jikoni nikaenda bondeni peke yangu. Nilichimba ukingoni, nje ya mstari wa mwisho, ambako chokaa yetu haikufika. Nikamimina. Udongo ukatoa povu kama sabuni. Nikajaribu udongo wa nje ya lango, haukufanya kitu. Bonde lina chokaa yake ya asili, na sisi tumeliongezea nyingine juu yake. Hesabu yako haikuwa na kosa, mimi ndiye niliyekupa udongo wa mahali pengine.

Naogopa, sitakuficha. Nikinyamaza, Mjomba anaangamia kwa uvivu wangu. Nikisema, Kaka Mkubwa atanila mbichi, na Mama sijui atanitazamaje. Ninayaandika haya leo ili kesho nisipate pa kukimbilia.

Jumatatu asubuhi.

Nimesema. Nilisimama kabla Kaka Mkubwa hajafungua mdomo, maana angetangulia yeye nisingethubutu. Nikaeleza shimo, mifuko na siki. Kaka Mkubwa alishika kichwa kwa mikono miwili, hakunitukana. Habari ya polisi imekufa palepale. Mama alilia, akaenda jikoni.

Nilimwomba Mjomba radhi. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia, tangu Alhamisi. "Alhamisi," akasema, akikunja kidole. "Ijumaa ulipita dukani ukaniamkia. Jumamosi ukaniamkia tena." Akachukua kofia yake akatoka.

Bwana shamba anataka tunyunyizie zinki kwenye majani, kwa sababu tukiimwaga chini, udongo ule utaikamata nayo. Niandikie haraka kiasi gani, na uniambie kweli kama tumechelewa. Mifuko mingine sita inakuja na gari la kesho. Safari hii nimeingia topeni.

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini. Kaka Mkubwa anakusalimu, na jana jioni alikwenda kwa Mjomba kuomba msamaha, sijui waliongea nini. Shangazi na wanawe wanakusalimu pia. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya, na akupe subira na dada kama mimi.

Leo asubuhi nilipita dukani kukuchukulia salamu za Mjomba. Nikasema shikamoo. Aliinua kichwa, akafuta meza, akaniambia kama anavyomwambia mteja yeyote, "Karibu dada, nikuhudumie nini?"

Akupendaye siku zote,
Dada yako.